Namba ya Likizo Nzima

Mwalimu Mulei alitoka chuoni na cheti kimoja, tai mbili na mdomo wa watu watatu. Juma la kwanza tu akalitaka Darasa la Saba, darasa la mtihani, ambalo Mbinya alikuwa amelifundisha hesabu miaka tisa bila cheti chochote.

Siku ya mkutano wa wazazi, hapo shuleni karibu na Zombe, Mulei aliandika ubaoni 72,940,813, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kama aliyeizaa.

"Wazazi, hii ni namba tasa. Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nimeitafuta likizo nzima. Mama huyu akiigawanya, abaki na darasa lake. Akishindwa, akasuke vikapu."

Mbinya alikuwa anasuka kweli, kiondo kiko pajani. Likizo nzima! Wenzake wanapalilia mbaazi, yeye anachumbia namba. Lakini hakucheka. Mzee Mbuvi, mwenyekiti wa kamati, alikuwa ameshafungua kalamu, na jina la Mulei lilikuwa fupi kuandika.

"Umeijaribu kwa ngapi, mwalimu?" akauliza.

"Mbili, tatu, nne, mpaka kumi. Zote zinabakisha."

"Na baada ya kumi?"

"Baada ya kumi kuna nini, mama? Si ni zile zile zinajirudia?"

Aiee. Na huyu alilishwa na serikali miaka miwili ili ajue hayo.

Mbinya alisimama na kiondo chake, akaigusa namba kwa kidole, tarakimu moja moja. "Uzi wa kiondo hupita juu, kisha chini. Haya. Saba juu, mbili chini. Tisa juu, nne chini. Sufuri juu, nane chini. Moja juu, tatu chini. Jumlisheni: za juu kumi na saba, za chini kumi na saba. Zikilingana hivyo, kumi na moja inaingia bila kubakisha."

"Hesabu ya vikapu!" Mulei akacheka, akageuka kutafuta wa kucheka naye. Hakumpata.

"Basi gawanya mwenyewe. Chaki si unayo?"

Akagawanya. Tai ikalegea, chaki ikavunjika mara mbili.

"Shusha ile tatu ya mwisho, mwalimu, usiiogope!" Mama Syombua akapaza sauti kutoka nyuma.

Akaishusha. Thelathini na tatu, toa thelathini na tatu. Juu yake zimepangwa 6,630,983, na chini hakuna kitu.

"Namba yenyewe ina hila," Mulei akanung'unika.

"Namba haina hila. Wewe ndiye uliyechoka mapema."

Mzee Mbuvi akaandika jina la Mbinya, polepole, herufi zote. Kisha akainua kichwa. "Na huyu kijana wa cheti tumpe darasa gani?"

Mbinya alikuwa ameshakaa, anatafuta alipouachia uzi wake.

"La Kwanza, mzee. Huko hesabu huishia kumi."