Mpira wa Calist

Lori letu lilizimika Maili Moja, pale nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi, likiwa limeshabeba saruji, mchanga na vigae vyeupe vya kujengea kaburi la mwanangu Calist. Mafundi walikuwa wanatusubiri Kisarawe, na Herieth, mkwe wangu, alikuwa ameshawapikia uji. Kesho yake padri angekuja kubariki msalaba. Kwa hiyo lilipozima pale, mimi nilishuka tu nikakaa kwenye kivuli chake. Nilijua limezimika kwa nini.

Lile lori lina mpira mmoja unaotoa dizeli kwenye chujio kuipeleka kwenye pampu. Mpira ulipasuka siku nyingi. Calist ndiye aliyeufunga mara ya kwanza. Alikata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaziba ufa kwa kipande cha sabuni ya kufulia, akazungushia ule ukanda akaukaza. Akamwambia baba yake, hii ya kutufikisha nyumbani tu, nimeshanunua mpira mpya, Jumamosi nitaufunga mwenyewe. Jumamosi haikumkuta mzima. Homa ilimshika Alhamisi, na Jumamosi tulikuwa tunapokea watu wa msiba.

Tangu hapo mume wangu Wilbrod hakukubali mtu aguse pale. Ukivuja, anakata ukanda mwingine anafunga juu ya ule wa zamani. Ukivuja tena, anaongeza. Anaamka asubuhi, kabla hata hajanawa uso, anaingia chini ya lori na sabuni yake. Majirani wa mtaani kwetu Picha ya Ndege walikuwa wanacheka, wanasema mzee huyu anaoga na gari. Mimi niliona mtu ana kidonda chake na anakitunza anavyojua.

Akaja Hussen, fundi wa magari, anatufahamu miaka mingi. Akatuamkia, tukaitikia, akainama akachungulia. Akacheka.

"Mzee, hili lori umelivalisha masweta mangapi?"

Wilbrod hakucheka. Alimwambia aongeze mkanda mmoja tu, akaze, twende zetu. Hussen akamweleza taratibu kwamba haiwezekani, dizeli imeshalainisha tyubu zote, ukifunga juu ya kitu kilichooza unafunga bure. Tena sasa si kuvuja tu, mpira unavuta upepo, ndiyo maana injini inakata. Na mlima wa Kisarawe ule, na mzigo huu, lori likizima katikati ya kilima litarudi nyuma na nyinyi. Anayetaka kufika aweke mpira mpya.

Wilbrod akasema mpira wa lori la zamani namna hii hauuzwi tena.

Mimi nikasema, "Upo chini ya kiti."

Akanitazama. Hakuwa anajua kwamba najua. Kila nikifagia lile lori nilikuwa naukuta, umefungwa kwenye gazeti kama Calist alivyouleta kutoka dukani, naufuta vumbi naurudisha.

"Alisema ataufunga mwenyewe," akasema Wilbrod.

Hussen akainama akajifanya anatafuta spana.

Basi, akaanza kufungua. Alitoa ukanda wa kwanza, wa pili, wa tatu, anaziweka kwenye kopo. Zote zilikuwa zimezungushwa kwenda kulia, maana Wilbrod anatumia mkono wa kulia. Zilikuwa zinakatika mikononi kama nyama iliyochemka kupita kiasi. Alipofika wa ndani kabisa akasimama. Ule ulikuwa umezungushwa kwenda kushoto.

"Huyu aliyefunga hapa alikuwa anatumia kushoto," akasema polepole.

Wilbrod akasogea. Akamwondoa Hussen kwa bega, akaingia yeye chini ya lori, chali, na shati lake jeupe alilovalia safari. Nilimwona anaugusa ule mkanda kwa kidole. Fundo lilikuwa limefichwa kwa chini, mkazo wake ni ule wa Calist, wa mtu asiyetaka kurudia kazi. Akajaribu kulifungua kwa kucha. Akajaribu kwa ncha ya msumari. Dizeli inamdondokea shingoni, na fundo haliachii. Alitaka kulitoa zima.

Nilipiga magoti pale kwenye oili.

"Baba Calist," nikamwambia, "tunakwenda kumjengea."

Akaliachia lile fundo. Halafu akanipa kisu cha Hussen.

"Kata wewe. Mimi ndiye niliyemfundisha kufunga."

Nikakata. Nilidhani nitauweka kwenye kitambaa niende nao nyumbani, lakini ulipokatika ule mkanda uliachana vipande vipande kwenye kiganja changu, mweusi, teketeke, na fundo likafumuka lenyewe. Hapakuwa na cha kuweka. Nilipangusa mkono kwenye nyasi.

Hussen akafunga mpira mpya, akakaza klipu zote mbili. Akalegeza nati ya juu ya chujio, akanionyesha pampu ndogo ya mkono, nikawa naipiga mimi kwa sababu Wilbrod alikuwa amekaa kwenye gurudumu hatazami. Kwanza likatoka povu tupu, upepo na dizeli, linachemka kama maziwa. Nikaendelea kupiga mpaka povu likakoma, ikatoka dizeli safi, Hussen akakaza nati. Lori likawaka kwa kuwashwa mara moja tu, halikukohoa.

"Mzee, njoo uone. Kukavu," Hussen akaita.

Wilbrod hakwenda kuona. Alipanda akakaa kwenye usukani na lile shati lake lenye dizeli, akaniambia nipande.

Tulipoiacha lami ya barabara ya Morogoro pale Kiluvya na kushika njia ya Kisarawe, injini ikawa inanguruma vizuri, haina hata kwikwi, na yeye anaisikiliza kama mtu anayemsubiri mwenzake aseme neno.

"Kwa hiyo Calist amekufa," akasema.

Tangu tumzike sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Siku zote alikuwa anasema hayupo.

"Ndiyo, Baba Calist. Amekufa."

Akaitikia kwa kichwa, macho yakiwa barabarani, machozi yanamshuka mpaka kwenye ndevu na hayafuti. Kilima kilikuwa kimeanza. Akarudisha gia, tukapandisha.