Saa ya Shetani

Kengele ya kanisa iligonga tisa na nusu, na yule mama wa Kijerumani alikuwa bado hajarudi kwenye gari la farasi.

Wistin aliangalia tena hatamu za farasi wake, Stella, ingawa hazikuwa na kasoro. Ng'ambo ya bandari meli ilisimama nyeupe, ndefu kuliko ukuta wa ngome. Ingeondoka saa kumi. Asubuhi, njiani, yule mama, Bi Annelore, alikuwa amemsimulia habari za mumewe, Dieter, aliyebaki humo melini. Safari hii waliipanga akili za mzee zikiwa timamu: Barcelona, Napoli, Palermo, na leo hapa Malta. Sasa kila alasiri huamka akimwita mkewe, na asipomwona hutoka kumtafuta. Kule Napoli walimkuta kwenye ngazi za mabaharia, mguu mmoja una soksi, mwingine hauna.

"Leo sitaki kuona chochote cha kale," mama alikuwa amesema. "Nitafutie tu mahali pa kukaa nisiulizwe kitu."

Wistin alimwacha kwenye mkahawa wa uwanjani, mbele ya kanisa. "Itazame saa ya kanisa, mama. Ikifika tisa, njoo."

Sasa aliuvuka uwanja karibu akimbie. Alimkuta chini ya mwavuli, kofia nyeupe magotini, ameikata pastizi, kitafunio cha jibini, vipande vidogo vidogo, kama anayemlisha mtu.

"Mama, tumechelewa."

"Bado." Alinyoosha kidole kwenye mnara wa kulia wa kanisa, bila wasiwasi. "Ndiyo kwanza nane na robo."

Wistin aliinua macho. Mnara wa kushoto ndio wenye saa ya kweli. Ile ya kulia imechorwa kwa rangi, mishale yake haijasogea tangu zama za mababu, ili Shetani akija kuwinda roho asijue wakati. Huko kwao mtoto hulijua hilo kabla hajajua kufunga viatu. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba kuna mtu anayehitaji kuambiwa.

"Hiyo ni ya Shetani, mama," alisema polepole. "Yetu ni ile pale."

Bi Annelore aligeuka. Alitaja jina la mumewe, akainuka.

Kuizunguka bandari kwa barabara, Stella asingefika kwa wakati. Alikuwa mzee naye. Ilibaki njia ya maji, na mashua pekee gatini ilikuwa ya Nardu, kaka wa mkewe Wistin. Nardu ni wa bendi ya buluu. Wistin amepiga tarumbeta katika bendi pinzani, nyekundu, tangu ujana, na tangu sikukuu ya parokia ya mwaka juzi, viti viliporushwa, hawajasalimiana.

Stella aliteremka na gari kwenye mawe yanayoteleza mpaka gatini, mama ameushika mkono wa shati la Wistin kwa nguvu.

"Ala, shemeji mwekundu," Nardu alisema bila kuinuka. "Umepotea, au bendi yenu imekuja kujifunza?"

"Mvushe huyu mama. Mumewe yuko melini peke yake, akili zimempotea."

"Kwanza sema. Mwaka juzi nani walipiga vizuri?"

Wistin aliitazama kofia nyeupe. Mama alikuwa ameikunja mikononi, macho kwenye meli.

"Nyinyi."

"Sikio langu hili bovu."

"Nyinyi, Nardu. Buluu."

Nardu hakucheka. Kumbe kamba alikwisha kuifungua zamani. "Panda, mama. Kanyaga katikati, usiangalie maji."

"Na nikichelewa?" Bi Annelore alimwuliza Wistin.

Wistin alimrudishia mkoba wake, akamshika kiwiko mpaka alipoketi.

Mashua iliondoka. Honi ya meli ililia, njiwa wakaruka kutoka ngomeni. Juu kabisa melini, pembeni mwa watu waliokuwa wakipiga picha, mzee mmoja mwenye nguo za kulalia alikuwa akipunga mkono taratibu, uso ameuelekeza upande wa bahari kuu. Chini, ngazi ya meli ilianza kuvutwa. Kisha ikasimama. Kama waliiona mashua au walikuwa wanapumzika tu, Wistin hakuweza kujua.

Stella alimgusa bega kwa pua. Kutoka gatini mapaa huuficha mnara wa kushoto. Huonekana wa kulia peke yake. Wistin aliuinulia macho. Jua lilikuwa limeipiga ile rangi ya mishale, na ilikuwa bado nane na robo.