Kifusi Uani kwa Mama Cherehani

Mwaka ule Mama Cherehani, fundi wa nguo mtaani kwetu, alikuwa na neno moja tu: mama yake asiloweshwe tena na mafuriko kitandani. Bibi huyo miguu ilishamgomea, na aliishi nyumba ya pili kwa binti yake mwingine, mdogo wake Mama Cherehani, ukuta kwa ukuta. Zamani mvua ikinyesha, maji yalishuka mferejini yakaenda zake baharini. Siku hizi bahari imepanda na kuota kiburi. Ikijaa huingia mferejini na kuyarudisha maji ya mvua milangoni mwa watu.

Basi fundi wetu akamwaga kifusi uani, lori baada ya lori, mpaka ua wake ukapita kizingiti cha mdogo wake. Akainua na sakafu ya chumba kimoja. Majirani wakamsifu, naye akavimba kichwa, meno nje.

"Rangi ikikauka tu, mama anahamia kwangu."

"Na maji yaliyokuwa yakikaa uani kwako, dada," mdogo wake akauliza, "yenyewe yanahamia kwa nani?"

"Acha uchuro wewe!"

Mvua haikungoja rangi. Ilishuka asubuhi, bahari imejaa pomoni. Mama Cherehani alisimama barazani na miguu yake mikavu, akicheka peke yake kama aliyeokota dhahabu, hadi aliposikia ukelele ng'ambo ya ukuta. Hapo akatoka mbio. Maji yaliyozoea kugawana nyua mbili sasa yalikuwa na mmoja tu.

Alimkuta mdogo wake majini hadi kiunoni, mama mgongoni, godoro likielea pamoja na masufuria. Mwaka uliopita maji yaliishia magotini.

Wakampandisha mama kwenye chumba kipya kinachonuka rangi. Mama Cherehani akamfuta miguu kwa taulo huku akilia.

"Mama, nilifanya kwa ajili yako."

"Naona," alisema mama. "Pakavu kweli."

Mdogo mtu alibaki mlangoni akichuruzika maji, hataki kukanyaga ndani. Alikuwa akiutazama ukuta wake wa upande wa pili, anakokaa mkunga mzee aliyewapokea wote wawili duniani.

"Dada, nipe namba ya mwenye lori."

"Usimpe," mama akasema.

Mama akageuza uso ukutani, na Mama Cherehani akaitaja namba taratibu, mdogo wake akiirudia nyuma yake.