Kiti cha Maige

Narendra aliweka sharti moja tu alipowakodisha lori lake, na sharti lenyewe halikuwa la ukorofi.

"Kabini ina nafasi ya watu watatu," alisema, amesimama mlangoni mwa duka lake mjini Shinyanga. "Chukueni gari na dereva wangu Maige, au chukueni gari na huyo mbwa. Wote hawaenei."

Bhoke alimtaka Maige. Maige alikuwa Msukuma, angewasemea njiani mpaka Geita, ambako mumewe alikuwa amepata kazi kwenye mgodi wa dhahabu. Wao wenyewe walikuwa Wakuria wa ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, na miaka minne waliyokaa mtaa wa Ngokolo, hapo hapo Shinyanga, iliwapa Kiswahili cha sokoni na Kisukuma cha salamu. Lakini mumewe, Athanas, aliendesha malori ya jeshi la Keya huko Burma wakati wa vita, na mwanamume aliyeshika usukani huku Wajapani wakimtupia mabomu hakubali kubebwa kama robota la pamba.

"Baba Robi, mbwa si akae nyuma?"

"Nyuma anakaa ng'ombe wako Madoa. Atamuuma miguu, naye atampiga mateke. Sajini anakaa mbele na sisi."

Basi Sajini, mbwa mwekundu mwenye sikio moja lililochanika, akapanda kwenye kiti cha Maige, akatoa kichwa dirishani kama bwana shauri wa serikali anayekagua barabara. Bhoke alicheka ingawa moyo haukutulia. Mkataa pema pabaya panamwita, lakini nani huyakumbuka hayo asubuhi ya safari?

Nyuma walipakia kitanda, masanduku na vyungu, na Madoa akafungwa kwa kamba mbili. Ng'ombe huyo alikuwa wa Bhoke. Alimnunua mnadani Kishapu akiwa ndama aliyefiwa na mama, akamlea kwa uji, na tangu azae hakuwahi kukamuliwa na mkono mwingine. Athanas alijua magari. Kwa ng'ombe alikuwa mgeni kama Narendra.

Saa sita mchana, jua likiwa utosini, gurudumu la nyuma lilipasuka kwenye mchanga, mbali na nyumba yoyote. Athanas aliweka jeki, akaifungua ile springi iliyokuwa ikigonga tangu asubuhi, akaingia chini kuitazama. Mchanga ukameza jeki. Lori likashuka juu ya paja lake, na Bhoke akasikia mfupa ukivunjika.

Alijaribu kuinua. Nani ainue lori peke yake, mtoto wao Robi mgongoni? Akasimama katikati ya barabara, akaweka kiganja mdomoni, akapiga yowe kama lipigwavyo kwao, refu, la kukatika na kurudia, mpaka koo likawaka moto.

Kwao yowe huita watu. Usukumani pia huita watu, ila wiki ile lilikuwa na maana moja tu. Siku tatu nyuma wezi walikuwa wamekuja na lori, jambo ambalo halijapata kuonekana, wakaondoka na ng'ombe kumi na mmoja na kumwacha mchungaji ameuawa. Wazee walikuwa wameapa kwamba mwano, yaani yowe la hatari, ukilia tena, mwanamume atakayebaki nyumbani atalipa fahali. Hayo Bhoke aliyajua baadaye. Maige angeyajua kabla hawajatoka mjini.

Walikuja wanaume kama sitini, wakikimbia kutoka mashamba ya pamba, na marungu, mikuki na mapanga. Bhoke alipowaona alilia kwa furaha, nasema kweli, kwa furaha. Walilizunguka lori, wakaliinua kwa mikono mitupu kana kwamba ni kitanda cha kamba, wakamvuta Athanas nje.

"Asanteni, baba zangu," Bhoke alisema. "Mungu awa..."

Rungu la kwanza likatua kwenye bega la Athanas.

Aliyelipiga aliitwa Mabula, na yule mchungaji aliyeuawa alikuwa mdogo wake. Macho yake yalikuwa yameona lori, ng'ombe mmoja amefungwa kamba, na mwanamume amejificha uvunguni. Mwenye uchungu hahitaji kuona zaidi.

"Mlikuwa mnampeleka wapi huyu?" Mabula aliuliza kwa Kiswahili kizito. "Na wale kumi wengine?"

"Gari nimekodi," Athanas alisema huku akitweta. Alitoa karatasi ya Narendra mfukoni. Ilipita mikono minne, na hakukuwa na mtu wa kuisoma. Mmoja aliichana.

Sajini alitoka kwa dirisha la kabini, akazamisha meno kwenye mkono wa Mabula. Alikufa hajauachia, mkuki ukiwa umempita ubavu hata ubavu.

Wakamteremsha Madoa. "Ng'ombe ni wako?" Mabula aliuliza, damu ikimtiririka mpaka vidoleni. "Mkamue tuone."

"Ni wa mke wangu. Yeye ndiye anayemkamua."

Walicheka. Mwanamume mzima, mume wa mtu, anasema ng'ombe ni wa mwanamke! Mwizi hakosi maneno. Bhoke alipiga kelele kwamba ni kweli, akajaribu kupita, lakini mpini wa mkuki ulimkinga kifuani, na Robi akalia mgongoni. Athanas wakamburuta kwa mguu uleule uliovunjika, wakampigisha goti chini ya ng'ombe. Mikono yake iliyojua kila skrubu ya lori ilitafuta chuchu kama ya kipofu. Madoa, aliyenusa damu, alirusha teke lililompata kidevuni. Maziwa hayakutoka hata tone.

Hapo hawakuuliza tena. Bhoke aliyahesabu mapigo mpaka kumi na nne, halafu akawa hawezi kuhesabu.

Waliachishwa na mwanamke mmoja aliyefika na jembe begani, Melania, shangazi yake Mabula.

"Mtu kasema ng'ombe ni wa mkewe," alisema. "Mke yuko hapa. Ninyi mnaojua kila kitu, mbona hamkumpa yeye akamue?"

Mkuki ukaondoka kifuani pa Bhoke. Hakwenda kwa mumewe, maana walimwelekeza kwa ng'ombe, naye alielewa kwamba uhai wa Athanas sasa uko kwenye vidole vyake. Akachuchumaa. Akamwimbia Madoa wimbo wake wa kila asubuhi, kwa Kikuria, kwa koo lililopasuka. Madoa akashusha pumzi, na maziwa yakaja, michirizi miwili minene, yakamwagika mchangani kwa kuwa hakuna aliyeleta chombo.

Rungu likamponyoka Mabula.

"Mpakieni garini," alisema. "Apelekwe hospitali. Upesi!"

Wakampakia. Kisha wakasimama wakitazamana. Gari lilikuwa limeketi mchangani juu ya gurudumu lililopasuka, na hata lingekuwa zima, katika watu sitini hakuwamo aliyejua kuliwasha. Aliyejua alikuwa amelazwa ndani, damu ikimtoka masikioni.

Wakamteremsha tena, wakashusha kitanda chake mwenyewe kutoka kwenye mizigo, wakambeba juu yake, wakikimbia kwa kupokezana. Mabula alishika mguu wa kitanda wa mbele na hakukubali kupokewa. Bhoke alikimbia kando, mkono wake kwenye kifua cha mumewe.

"Piga mwano, mayu," Mabula alimwambia huku akilia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Watu wa kijiji cha mbele waje watupokee. Tumechoka."

Bhoke alifungua mdomo, akaufumba. Aliogopa watakaokuja.

Mabula akaupiga mwenyewe. Kabla kijiji cha mbele hakijaitika, kile kifua chini ya kiganja cha Bhoke kilipanda, kikashuka, kikabaki chini.

Hapo ndipo Bhoke alipopiga yowe. Wale wanaume walisimama na kuweka kitanda chini, na safari hii hakuna aliyekimbia.