Lelemama Kwenye Skrini Nyembamba

Usiku wa jana niliota skrini ya simu imesimama mlangoni kwetu, ndefu, nyembamba, imevaa kanzu, inauliza kama ngoma imeshaanza. Nikaikaribisha. Mimi sina shida na wageni.

Tena nilikuwa naitarajia. Tulikuwa tumepanga kwamba asubuhi ya leo tupige filamu yetu ya nyimbo, ile sehemu ya lelemama, na Hemedi mwenye filamu kashikilia neno moja: kamera isimame wima, kwa sababu watu siku hizi wanaangalia kwenye simu. Wachezaji ni wanawake tisa katika mstari mmoja, na mstari wa lelemama haukatwi. Wa mwisho kushoto ni mama yangu, Bi Mwanakheri. Magoti yamemchosha, leo anacheza kwa mara ya mwisho.

"Wanaingia watano," skrini inasema, huku inajipima kwa shubiri.

"Wapo tisa."

"Basi wapandane."

Na wanapandana, bila ubishi, kila mmoja juu ya mabega ya mwenzake, mikono ikicheza taratibu vilevile. Ua wetu sasa ni uwanja wa ndege, sijui tangu lini. Mama yuko juu kabisa. Ninamwona nyayo tu, zina hina mbichi.

"Mwanangu," ananiita kutoka mawinguni, "huku kuna baridi. Na sionekani."

"Unaonekana nyayo, mama."

"Miaka arobaini nimecheza, nibaki nyayo?"

Hapo roho iliniuma kwelikweli. Nikaiambia skrini ijilaze.

"Nikijilaza, kwenye simu nitakuwa utepe," inasema. "Juu kweusi, chini kweusi, watu katikati wadogo kama sisimizi. Hemedi atanuna."

"Anune. Utepe wenye mama yangu unanitosha."

 Skrini inasema, kwa sauti ndogo, kwamba imesimama tangu itoke kiwandani na hakuna aliyewahi kuiambia ipumzike. Inakunja kanzu yake, inajilaza ubavu kwenye lami, inashusha pumzi.

Wanawake wakaanza kushuka. Aliye juu ndiye angetangulia, lakini mama ni wa mwisho mstarini, kwa hiyo alishuka wa mwisho. Usiniulize vipi. Aliponikanyaga begani, nikaamka.

Nilimkuta jikoni anachemsha chai. Mguu wa kulia ulikuwa bado kwenye mfuko wa nailoni, alivyolala nao ili hina ikolee. Wa kushoto ulikuwa mtupu.

"Hina ya mguu huu imefutika," akalalamika. "Na sijashuka kitandani usiku kucha. Sijui nimekanyaga nini."

 Nilivuta kola ya shati, nikafunika alama nyekundu za vidole vitano vya mguu begani, nikatoka uani kuilaza kamera kabla Hemedi hajafika.