Jibu la Ukurasa wa Nne

Kitinda mimba alitoka asubuhi kwenda kibaruani, hakurudi. Tangu hapo mama hakumpa nafasi ya kupumua binti yake mkubwa, mtaalamu wa kompyuta katika ofisi inayokusanya taarifa za wagonjwa wasiojulikana kutoka hospitali zote.

"Mwanangu, hebu itazame tena hiyo mashine yako."

Kila Ijumaa dada mtu aliandika maneno ya mama: kijana mwembamba, aliungua na pasi mkononi utotoni. Majibu yalikuja rundo. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, macho yakachoka.

"Hayupo, mama."

"Afadhali. Basi yu hai huko aliko." Na mama alipata usingizi.

Jamani, mashine ile ilijua kuhesabu maneno tu! Ukitaja pasi, inakuletea kila aliyeungua juzi. Modeli kubwa ya lugha, ile akili bandia inayosoma maana kama mtu, ingeelewa, ila kompyuta za ofisi hazikuiweza. Dada mtu akachukua modeli ndogo, akaifundisha kwa taarifa za zamani: ndugu husema hivi, nesi huandika vile, na mtu ni yuleyule. Kazi ya modeli hiyo ilikuwa kuyapanga majibu upya, linalofaa likae juu.

Wenzake wakacheka. "Hako kadude kataweza nini?"

"Mdharau mwiba mguu huota tende," akawajibu.

Kakaweza. Siku ya kukajaribu aliandika maneno aliyoyazoea, yale ya mama. Jibu la kwanza likasema: kijana, hawezi kuongea, kovu la zamani la pembetatu mkononi. Awali lilikuwa ukurasa wa nne. Akaendelea kusoma. Kijana alilazwa siku ileile aliyopotea mdogo wake, akaishi wodini wiki sita, akazikwa na manispaa.

Wiki sita! Na yeye alikuwa akisema hayupo, hayupo. Lo, angefungua kurasa mbili tu zaidi! Alilia palepale kitini, mbele ya wale waliomcheka.

Jioni akaenda kwa mama. Alikusudia kuanza taratibu, ulimi ukateleza: "Mama, tumempata."

Mama akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. "Si nilisema mimi! Yuko hospitali gani? Ngoja nimchukulie shati safi, mwanangu hapendi nguo za watu." Akaingia chumbani, akaanza kupekua sanduku huku anaimba.

"Mama, kaa kwanza. Nakuomba."

"Nitakaa tukirudi naye," mama akasema, akimkabidhi shati alikunje.