Maji Yaulizwe Yenyewe

"Kwako maji hayajawahi kupita? Mama Lusajo, umeolewa hapa juzi, au ulizaliwa na usahaulifu?"

Marita aliyasema hayo mikono kiunoni, na watu waliokuja kuangalia barabara wakaisahau barabara. Ferista, ndiye huyo Mama Lusajo, jirani wa ukuta kwa ukuta, alijibu kwamba maji ya kilima hiki tangu enzi za mkwewe hushukia uani kwa Marita, na asiyejua akaulize.

Ugomvi ulianzia kwenye kigingi chekundu. Barabara ya kushuka Kamsamba ilikuwa inatanuliwa, na hapo mlimani Mbozi penye kigingi palipangwa kuwekwa kalvati, njia ya kupitisha maji chini ya barabara. Mdomo wake ulielekezwa kwenye chumba cha kulala cha Marita, katika nyumba ya tofali mbichi aliyoijenga kwa kahawa ya misimu minne. Mpango wa mazingira ukitiwa saini jioni hiyo jinsi ulivyo, mvua za kwanza tu nyumba inarudi kuwa udongo.

Gwantwa, mtaalamu wa mazingira wa mradi, binti mwembamba mwenye buti kubwa kuliko yeye, aliwasikiliza wote wawili mpaka daftari likajaa. Akalifunga.

"Mama zangu, maji yaulizwe yenyewe."

Akamwita dereva wa boza la maji lililokuwa likimwagia vumbi la barabara, bomba likafunguliwa pale pale litakapokaa kalvati.

Maji yakashuka yakisukuma vumbi na majani makavu mbele yake. Kundi zima likayafuata nyuma. Yalipobakiza hatua tatu kuufikia ukuta, Marita akashika kichwa. Yakasimama. Yakajaa kidogo, yakazunguka kama mtu anayetafuta mlango gizani, halafu yakakata kushoto, taratibu, yakaingia migombani kwa Ferista na kuzama yote.

Watu wakatazamana. Ndipo ikasikika sauti chini ya miguu yao, kama sufuria kubwa inayochemka chumba cha pili. Kule chini, migomba inapoishia, ukingo wa njia ukatoka jasho, ukapasuka, na maji yakatoka meusi, yakifuka mvuke kwa joto la vitu vinavyooza. Yalibeba maganda ya kahawa, ya mwaka huu, ya mwaka juzi, mengine yaliyooza hadi kuwa udongo. Yalipopungua yakaacha wazi mawe laini ya mviringo, mawe ya mto ambao hakuna aliyeutaja tena. Mzee mmoja akavua kofia. Gwantwa akapiga magoti, akayagusa kwa kiganja, asiandike kitu.

Marita alikuwa ameshinda. Lakini maganda yale aliyatambua. Kila msimu baada ya kukoboa, mtaa mzima uliyamwaga kwenye korongo la nyuma kwa Ferista ili apate pa kupanda migomba, na yeye Marita ndiye aliyekuwa akitangulia, ndoo kichwani, akiimba. Mto waliufukia wenyewe.

Gwantwa akang'oa kigingi, akakihamishia migombani. Mtaro wa mawe utapita hapo, akaeleza. Safu mbili za migomba zitaondoka.

Watu wakatawanyika na habari ya kuwatosha hadi Jumapili. Ferista alibaki amesimama, mkono juu ya mgomba wenye mkungu mchanga.

Marita akamsogelea. "Maganda yale tuliyamwaga sote, Mama Lusajo. Kuyazoa nitakuja na jembe langu." Akamshika kiwiko. "Sasa ingia ndani tule. Maharage yameiva, na leo siwezi kula peke yangu."